Siku Rafu Zilipobaki Tupu

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wengi wetu tukiulizwa maana yake tunajibu haraka haraka kwamba umoja ni nguvu, tunapewa alama zetu, tunakaa. Jibu hilo si baya, ila limepungukiwa. Anayemjua chawa anajua kwamba kidole kimoja kinaweza kumgusa, kumsukuma, hata kumkimbiza kutoka kisogoni mpaka utosini. Kumuua hakiwezi, mpaka kije kidole cha pili kutoka upande wa pili. Hata vidole mia vikija vyote upande mmoja, chawa atahama tu, na kichwa kitaendelea kuwasha. Hayo ndiyo yaliyomfika binti mmoja wa duka la fotokopi, na tangu siku hiyo mimi sitaki kusikia mtu akiifafanua methali hii kwa neno moja.

Binti huyo shangazi yake alimpachika jina la Kidole, kwa kuwa kidole gumba chake hakikujua kupumzika juu ya kioo cha simu. Alikula huku anabonyeza, akatembea huku anabonyeza, na siku moja alijigonga kwenye nguzo ya umeme akaiambia, “Samahani, dada,” akaendelea na safari yake. Kazi yake ilikuwa kutoa nakala na kupiga picha za pasipoti katika duka dogo lililotazamana na maktaba ya mtaa. Mtandaoni alikuwa na wafuasi wengi, maana hakuna jambo lililompita: bomba likipasuka ataandika, mbwa akipotea ataandika, haki ya mtu ikiminywa ataandika kwa herufi kubwa. Alikuwa na moyo mzuri, tusimsingizie.

Shangazi mtu yeye alikuwa akipiga pasi mashuka katika nyumba ya wageni. Mama yake Kidole alipofariki, Shangazi alikuwa msichana wa darasa la pili. Mtoto mchanga alihitaji mgongo wa kubebwa, na mgongo uliopatikana ulikuwa wa Shangazi. Akaacha shule. Miaka ikapita, mtoto akakua, akasoma, akamaliza, na Shangazi akabaki akiomba watu wamsomee hata maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Ndipo alipojiunga na darasa la watu wazima ndani ya maktaba, chini ya mkutubi ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Kimya. Mwisho wa mwaka angefanya mtihani. Alikuwa akiuhesabia siku kama bibi harusi.

Alasiri moja Shangazi aliingia dukani akasimama mbele ya meza. Kidole hakuinua macho kutoka kwenye simu.

“Kidole, nimesoma tangazo,” Shangazi alisema.

“Hongera, Shangazi.”

“Sikukisia. Nimelisoma lote mwenyewe, neno kwa neno, mpaka mwisho.”

“Makubwa hayo. Linasemaje?”

“Linasema maktaba inafungwa.”

Kidole aliinua macho. Shangazi alikuwa amesimama wima, mkoba wake wa daftari kifuani, na machozi yakimtiririka bila sauti. Tangazo la kwanza alilolisoma mwenyewe maishani mwake lilikuwa linamfungia mlango. Baraza la mji lilikuwa limeona kwamba maktaba haina wasomaji, na chumba kile kigeuzwe stoo ya samani za ofisi. Darasa la watu wazima halikuwa na pengine pa kwenda, na pasipo darasa hapakuwa na mtihani.

“Shangazi, usilie. Watanitambua,” Kidole alisema, na kidole gumba kikaanza kazi.

Aliandika kwa uchungu wa kweli. Alipiga picha ya tangazo, akapiga picha ya mikono ya Shangazi juu ya daftari, akaweka kaulimbiu: Maktaba Yetu Haifungwi. Habari ikashika kama moto kwenye nyasi kavu. Kabla duka halijafungwa jioni hiyo simu ilikuwa ya moto mkononi. Mioyo ilimiminika. Watu wa miji ambayo Kidole hakuwahi kuifikia waliandika “tuko pamoja,” mwanamuziki mmoja akaisambaza, mtangazaji akaisoma hewani. Fundi simu aliyekuwa na kibanda chake ubavuni mwa duka alikuwa akichungulia kila dakika kama mtu anayefuatilia mpira.

“Dada, hii imevuka mipaka,” alisema. “Baraza litapiga magoti.”

Kidole aliona fahari, na nani asingeona? Alimkumbatia Shangazi akamzungusha katikati ya duka mpaka karatasi zikaanguka.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa ofisa wa baraza aliyetia sahihi tangazo, simu mkononi kama mtu anayepeleka hati ya ushindi. Ofisa alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti yangu. Keti.”

Kidole hakuketi. Alimsogezea simu. Ofisa akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaanza kupitisha kidole chake mwenyewe juu ya kioo, taratibu, mpaka akasimama mahali.

“Mimi huyu hapa,” alisema. “Mwenye picha ya waridi. Nilibonyeza moyo jana.”

Kidole alipigwa na butwaa. “Sasa mzee, kama umebonyeza moyo, mbona unafunga?”

“Kwa sababu moyo haukunizuia. Niliubonyeza, nikanywa chai, nikaendelea na mafaili yangu.” Alimrudishia simu. “Mwanangu, mimi sina ugomvi na vitabu. Kamati ya baraza inakuja Ijumaa ijayo kukiangalia chumba. Wakikuta kinatumika, mimi ni nani nibishe? Wakimkuta Bwana Kimya na nzi wake, kinakuwa stoo ya viti vibovu.”

Maneno hayo yalikuwa wazi kama maji ya kisimani, lakini Kidole alisikia alichotaka kusikia, yaani kwamba watu waonekane. Akarudi dukani mbio, akatangaza mkutano mkubwa mbele ya maktaba siku ya Jumamosi.

Na watu walikuja, msidhani hawakuja. Walikuja na mabango, na filimbi, na kipaza sauti cha kuazima. Barabara ilijaa. Kila mmoja alisimama mbele ya mlango wa maktaba, akauinua uso, akajipiga picha, akampisha mwenzake. Fundi simu alikuwa akirusha matangazo moja kwa moja huku amepanda juu ya ndoo. Kidole alishika kipaza sauti, akauliza, “Maktaba ya nani?” Umati ukajibu, “Yetu!” Sauti ikagonga kuta na kurudi. Hata mimi ningekuwapo ningepiga filimbi.

Mlango wa maktaba ukafunguka. Akatoka Shangazi, daftari kwapani, na nyuma yake wanadarasa wenzake wakifuatana kama watu waliotolewa msibani mapema. Bwana Kimya alisimama kizingitini, kidole chake cha kunyamazisha watu kikiwa bado mdomoni, ila hakuna aliyekitazama.

“Mbona mnatoka?” Kidole aliuliza.

“Hatusikiani,” Shangazi alijibu. “Mwalimu anataja neno, sisi tunasikia filimbi. Leo ni siku yetu ya darasa. Hukujua?”

Kidole hakujua. Tazama mambo ya dunia: kelele za kuitetea maktaba zilikuwa zimewafukuza wasomaji wake wachache iliokuwa nao.

“Tunaitetea maktaba, Shangazi.”

“Iko nyuma yako, mwanangu. Umewahi kuingia?”

Shangazi hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Alikaza daftari lake kwapani akaondoka zake, na mgongo ule ambao Kidole alilelewa juu yake ukaenda ukipungua mpaka ukapotea kwenye kona. Umati ulipomaliza picha ukatawanyika. Waliobaki ni Kidole, fundi simu na ndoo yake, na chupa tupu barabarani. Katika watu wote wale hakuna hata mmoja aliyevuka kizingiti.

Kidole alizima kipaza sauti, akapiga moyo konde, akaingia. Kulikuwa na meza ndefu za mbao zilizong'arishwa kwa viwiko vya watu, na rafu zilizosimama kwa safu, na ile harufu tamu ya karatasi kuukuu. Vumbi lilikuwa limelala juu ya vitabu kwa amani, kama lililolipia kodi.

“Choo kiko nje, mkono wa kulia,” Bwana Kimya alisema bila kugeuka, maana wengi walioingia walikuja kuulizia choo.

“Nataka kadi, mwalimu.”

Mkutubi aligeuka polepole. “Picha ya pasipoti, na mdhamini. Mdhamini awe mtu mwenye kadi, aje hapa kwa miguu yake, aandike jina lake kwa mkono wake kwamba anakujua. Hivyo ndivyo tunavyofanya. Kwa simu haiwezekani.”

Picha haikuwa shida. Mdhamini je? Kidole alipitisha majina ya marafiki na wafuasi wake wote kichwani, asipate mwenye kadi isipokuwa mtu mmoja, naye alikuwa ametoka kumuudhi. Akamfuata nyumbani, akamkuta anamenya viazi.

“Shangazi, naomba unidhamini.”

Shangazi akaweka kisu chini na kunawa mikono. Walirudi pamoja. Mbele ya meza ya mkutubi Shangazi alishika kalamu, ulimi ukachungulia pembeni mwa mdomo, akaandika jina lake herufi moja baada ya nyingine. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwandikia mtu mwingine jambo. Kidole aliona joto likimpanda mpaka machoni, akajifanya anatafuta kitabu. Alichokitoa kilikuwa cha ufugaji wa nyuki.

Walipokuwa wanatoka alisimama ghafla mlangoni. “Shangazi, mimi sasa nina kadi.”

“Unayo.”

“Basi na mimi naweza kumdhamini mtu.”

“Unaweza. Naye atamdhamini mwingine.”

Wakatazamana. Hapo ndipo akili ilipomrudi, na ilirudi inakimbia. Siku hiyo hiyo aliandika ujumbe ambao fundi simu alipousoma alishika kichwa: “Sitaki mioyo yenu. Nataka miguu yenu. Njoo maktaba uchukue kadi, uazime kitabu, kisha umlete mwenzio kwa mkono umdhamini. Picha ya pasipoti nitakupiga bure. Ukishaazima, jipige picha ukisoma kazini kwako, uiweke hapa.”

“Dada, ukiwakataza watu kubonyeza, watakuhama,” fundi simu alisema.

“Wahame huko, wahamie huku. Na wewe twende, nikudhamini.”

“Mimi kitabu cha nini?”

“Kuna kimoja cha redio za zamani. Nimekiona.”

Fundi simu akaweka bisibisi chini. Kumbe mtu huyo alikuwa na kiu ya redio za zamani tangu utotoni. Alirudi na kitabu, akabandika kibandani karatasi iliyosema mwenye kitabu cha maktaba anachajiwa simu bure. Naye akamdhamini kinyozi. Kinyozi akaazima hadithi za upelelezi akaziweka kwenye benchi la wanaosubiri, kisha akawaburuta wateja wawili kwenda kuchukua kadi zao. Kidole hakungoja wamfuate. Alijifunga kibwebwe akapita duka kwa duka, akiwashika watu mikono. Fundi seremala alimwambia hajui kusoma, akamwambia, “Vizuri sana, darasa liko Jumatano na Jumamosi, mwanafunzi mwenzio ni shangazi yangu.” Muuguzi wa zahanati alikuja na wenzake wa zamu. Picha zikaanza kuonekana mtandaoni: hamali amelala juu ya magunia, kitabu usoni; mama muuza mboga anasoma huku anapepea nzi kwa kadi yake. Aliyeona picha ya jirani yake alitaka ya kwake. Kufikia katikati ya wiki foleni ilitoka mlangoni ikapinda kona, na Bwana Kimya alikuwa amekata tamaa ya kunyamazisha watu, ila uso wake uling'aa kama aliyepata mjukuu. Wanadarasa wa Shangazi ndio walioongoza wageni, maana walijua kila kitabu kinakaa wapi, hata vile wasivyoweza bado kuvisoma.

Ijumaa ikafika. Kidole alivaa nguo yake ya sikukuu, akamchukua Shangazi, wakaingia maktaba kuisubiri kamati. Walikuta nini? Rafu tupu. Juu mpaka chini, safu hadi safu, mbao na misumari. Bwana Kimya alikuwa ameketi katikati, mikono magotini.

“Vimekwisha,” alisema. “Jana jioni kimetoka cha mwisho. Kilikuwa kinahusu magonjwa ya ng'ombe, kakichukua fundi cherehani.”

Kidole hakuwahi kulifikiria hilo. Alikuwa ameuzima moto kwa mafuriko. Kabla hajajua acheke au alie, kamati ikaingia: wajumbe watatu, ofisa mwenye miwani ya uzi, na mbele yao Mama Mwenyekiti, mwanamke mrefu asiyekuwa na muda wa kupoteza. Alizungusha macho chumbani.

“Niliitwa kuiangalia maktaba,” alisema. “Hizi ni mbao. Maktaba isiyo na hata kitabu kimoja tunaifunga au imejifunga yenyewe?”

“Vimeazimwa, mama,” Kidole alisema. “Vyote. Watu wanavisoma.”

“Watu gani? Mimi naona viti.”

Kidole akatazama simu. Akaandika maneno machache kuliko yote aliyowahi kuandika: “Kamati ipo. Leteni vitabu sasa hivi. Kwa miguu.” Akatuma.

Simu ikaanza kulia. Moyo. Moyo. Mioyo kumi. Mioyo isiyo na hesabu ikapanda kwenye kioo, myekundu, mizuri, isiyo na faida. Kidole alitamani kuirusha simu dirishani. Mama Mwenyekiti alitazama saa yake. Ofisa akajifuta jasho. Shangazi alisogea akaushika mkono wa Kidole.

Kisha wakasikia viatu.

Wa kwanza kuingia alikuwa kinyozi, mashine ya kunyolea bado mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja tu wa kichwa, kitabu cha upelelezi kifuani. Akafuata hamali anayehema, muuguzi na sare yake, mama wa mboga, fundi simu amebeba kitabu chake cha redio kwa mikono miwili kama trei ya vyombo. Wakazidi kuja. Mlango ukawa mdogo. Seremala alikuja na kitabu cha picha, akakionyesha kwa wajumbe ukurasa aliofikia. Chumba kikajaa watu na vitabu, vitabu na watu, na kila mmoja alikuwa anamweleza jirani yake kisa alichokisoma.

Mama Mwenyekiti alinyoosha mkono kwa mwenye nusu kichwa. “Hebu nikione.”

“Kukiona, sawa, mama,” yule mtu alisema, “ila nisikuachie. Nimebakiza kurasa chache na muuaji sijamjua.”

Mama Mwenyekiti alicheka. Alicheka mpaka akakalia kiti, na wajumbe wake, waliokuwa wakisubiri ruhusa, wakacheka pia. Alipotulia macho yake yalimwangukia Shangazi, ambaye peke yake hakuwa na kitu mkononi.

“Na wewe, dada yangu, umeazima nini?”

“Sikupata, mama. Nilikuwa nawaongoza wageni, vikaisha kabla ya zamu yangu.”

“Kwa hiyo huna cha kusoma.”

“Ninacho kimoja,” Shangazi alisema. Akaenda mlangoni, ambapo tangazo la baraza lilikuwa bado limebandikwa, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Chumba kikanyamaza, Bwana Kimya hakuhitaji kusema lolote. Shangazi akasoma kwa sauti, taratibu, bila kuruka neno, kutoka juu mpaka kwenye sahihi. Alipofika “itafungwa” sauti ilimkwama, akalirudia, akaendelea. Kisha akageuka.

“Nimelisoma sawasawa?”

“Umelisoma sawasawa kabisa,” Mama Mwenyekiti alisema, naye akajifuta jicho bila kujificha. “Ndiyo maana halina kazi tena. Ofisa, libandue. Stoo tutatafuta kwingine.”

Ofisa alilikwaruza kwa ukucha. Gundi ya baraza ilikuwa imeshika. Akajaribu kona nyingine, karatasi ikamcheka. Kidole akamwambia, “Tupishe kidogo, mzee.” Akashika kona moja, Shangazi akashika kona ya pili, wakavuta kwa pamoja, na tangazo likatoka zima, huku watu nyuma yao wakishangilia hadi madirisha yakatikisika. Mfukoni mwa Kidole simu ilikuwa bado inalia mioyo, naye hakuitazama, kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa shingoni mwa Shangazi.

Basi mwenye simu na aendelee kubonyeza, hakuna anayemkataza. Ila akishabonyeza anyanyuke, aende akautafute mkono wa mwenzake, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa.